Moyo wa Ng'ombe Juu ya Meza ya Darasa

Nairobi, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta ushanawa mikono, umeketi barazani, na mdogo wangu Mwanaisha ndiye anayekusomea. Mwanaisha, usiruke neno hata nikijitukana. Mama kifua chake vipi, bado anakohoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila uso wa kukutazama sina.

Juma lililopita mwalimu wetu wa uuguzi aliweka moyo wa ng'ombe mezani, tuone unavyosukuma damu. Akauliza nani ataupasua. Wenzangu wakarudi nyuma. Mimi mkono ukaniponza. Nikasema bismillahi, nikaanza upande mwembamba, kama ufanyavyo wewe hapo buchani Likoni, nikaitoa damu iliyoganda kwa dole gumba. Vyumba vyote vinne vikaonekana, viwili juu, viwili chini. Mwalimu akafurahi mno. Akatwambia upande ule mwembamba hupokea damu iliyochoka na kuisukuma mapafuni tu, hapo jirani, ndiyo maana hauhitaji nyama nyingi. Damu ikishapata hewa hurudi upande wa pili, ule mnene, nao huisukuma mpaka vidole vya miguu. Katikati mna vilango vyenye nyuzi, vinafunguka upande mmoja tu, damu isirudi ilikotoka. Mdundo tunaousikia kifuani ni vilango hivyo vikifunga. Nyuzi zenyewe, baba, ndizo zile unazowatupia paka!

Mwalimu akisema, mkono wangu nao ukaendelea. Kuja kutazama, nusu ya moyo nishaikata vipande vya mishikaki. Darasa zima likaangua kicheko.

"Bwana, tulitaka kuutazama, hatukutaka kuula," mwalimu akasema. "Nani aliyekufundisha kisu?"

Baba, niwie radhi. Mle darasani mna kijana wa Mombasa mjini, mtoto wa matajiri, nami nilishamwambia kwamba baba yangu ana duka la vitambaa. Alikuwa akinitazama. Nikajibu, "Mtumishi wetu wa nyumbani."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mkono ulioshika wangu nikiwa na miaka saba, ukanionyesha pa kukata nisijikate, ndio niliouita wa mtumishi.

Na si hilo tu. Ile siku ya kuvishwa sare, niliyokuandikia kwamba wageni hawaruhusiwi, ni uwongo. Kila mtu analeta mzazi wake. Nilikuonea haya, nikahofia utakuja na harufu ya bucha. Jana niliwaendea mwalimu na yule kijana, nikawaeleza ukweli. Mwalimu alisema, "Basi mlete."

Nisalimie mama, na shangazi anayekaanga mahamri, na mjomba wa kule kwenye feri. Wewe sikusalimu kwa karatasi. Panda treni ya Alhamisi, baba, uiwahi siku hiyo ya sare, uje na kanzu yoyote uliyonayo. Nitakuwa stesheni, na nitakwita baba kwa sauti, watu wote wasikie.

Mwanao aliyekukana,
Athumani