Usitawanye Jeshi

Jumapili, 11 Januari 2026

Joto. Kanisani tulikuwa saba, mchungaji akiwemo. Nimerudi nikafungua laptopu kabla hata ya kuvua viatu.

Ile gemu mpya niliyotoka nayo likizo — bure kabisa! Mshale unakuonyesha pa kwenda. Mshale wa pili unakuonyesha mtu wa kuzungumza naye. Ukikosea, inakurudisha nyuma na kukubembeleza ujaribu tena. Hiyo si gemu, ni yaya. Mimi nilianzia saiba ya Machakos, enzi za kompyuta zenye mgongo mkubwa, na ukikosea ulikuwa umekosea. Ulisahau kujenga ghala? Watu wako wote wanakufa njaa, basi, nenda nyumbani. Nimesomesha hesabu miaka mingi na bado sijakutana na mwalimu mkali kama zile gemu za mikakati za zamani.

Hizi za kuigiza shujaa nazo zimeoza. Unapewa majibu matatu ya kumjibu mfalme: la upole, la ukali, la mzaha. Mfalme anasema kilekile. Nilirudia yote matatu kuhakikisha. Upuzi!

Alasiri amekuja Diba, kama kila Jumapili. Ana kibanda cha kuchaji simu na kutoa fotokopi pale njia panda ya Modogashe, na ndiye anayeniokoa sola yangu ikilegea. Tuna kampeni moja kwenye laptopu moja, zamu kwa zamu. Yeye akicheza mimi natazama ukuta ili nisione mipango yake. Anacheza vibaya jamani! Vijiji vidogo vidogo kila pembe ya ramani, hakuna hata kimoja chenye ngome. Nikamwambia tena: usitawanye jeshi. Kusanya kila kitu penye maji, jenga ukuta, ngoja. Akacheka. "Mwalim, mimi Borana. Kuweka kitu yote mahali moja inanipea homa."

Nilimteketeza kabla ya magharibi.

Jumatano, 14 Januari

Mvua za mwisho wa mwaka hazikuja na sasa hakuna hata anayezitaja. Kidato cha pili madawati nusu ni matupu. Wanafunzi wamehama na mifugo.

Kanana, mwalimu wa Kiswahili, jirani yangu hapa kwenye nyumba za walimu, amejaza tena maombi ya uhamisho kurudi Meru. Kaniuliza mimi niliacha lini kujaza. Nikamwambia nimesahau. Kweli nimesahau.

Jumapili, 18 Januari

Leo Diba hakugusa laptopu.

Baba yake alizikwa Novemba na ng'ombe sasa ni wake. Yeye ndiye kifungua mimba, lakini amekulia bwenini na kibandani. Anasema hawezi kutofautisha ng'ombe mgonjwa na ng'ombe mvivu. Mimi nilidhani kundi lote liko na mdogo wake malishoni. Kumbe walioko nyumbani ni wachache tu! Wengi mzee aliwaweka kwa watu: shemeji kule Merti, binamu kule Sericho, rafiki wa ujana karibu na Habaswein. Aliyewekewa anafuga, anakamua, maziwa ni yake. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Wao nao waliweka ng'ombe wao kwa mzee. Ndivyo wanavyoishi tangu babu zao.

Akaniuliza: ingekuwa wewe, mwalim, ungefanyaje? Ukame unakuja, na wewe hujawahi kushindwa.

Sikusema sijui. Nilichukua chaki nikachora ramani sakafuni. Hapa mji. Hapa kile kisima cha nje ya mji, ambacho kila mtu anasema hakijawahi kukauka. Hapa barabara, malori ya nyasi kavu yanapita kutoka Isiolo. Ita ng'ombe wote, waweke hapa. Bora kulinda mahali pamoja vizuri kuliko kumi vibaya. Niseme ukweli, nilikuwa na raha! Mwaka mzima sijaona raha kama ile. Mtu mzima ameinama juu ya chaki yangu, ananisikiliza.

Diba alisema mama yake atakataa. Kumdai mtu ng'ombe uliyemwekea ni kumwambia humwamini tena. Nikamjibu kwamba ukame haujali adabu.

Akainuka akaenda zake. Ramani sikuifuta hadi jioni.

Jumatatu, 26 Januari

Ng'ombe wamekuja! Wote.

Binamu wa Sericho alileta mwenyewe wale aliowekewa, kwa miguu, akawakabidhi mmoja mmoja na majina yao. Mama Diba alimpikia chai. Akakataa chai. Akakataa hata maji, akageuka na fimbo yake akaenda. Diba anasema ni uchovu wa safari.

Nimeenda kuwaona baada ya shule. Miguu mirefu, pembe, vumbi, sauti ile nzito ya wanyama wengi wakinywa pamoja. Wamekonda ila wamesimama imara. Nilizunguka hodhi la kunyweshea mikono nyuma kama jenerali. Kanana alinikuta njiani nikitabasamu, akauliza siku hizi nacheza na watu? Nikamjibu ovyo.

Jumapili, 1 Februari

Diba amecheza kama mimi. Mji mmoja, kuta mbili, jeshi lote ndani. Hakucheka hata mara moja. Tulikaa tukitazamana kuta, zamu baada ya zamu, hakuna kinachotokea.

Sikufurahia.

Watu hudhani kwenye ngazi ngumu kompyuta inakuwa na akili zaidi. Hapana. Ni ile ile, ila inapewa chakula cha bure. Haifikirii chochote. Inakuja tu, na kuja, na kuja, na wewe ndiye unayechoka. Nilimweleza Diba hivyo. Akatazama nje kwenye jua kali, akasema anamjua huyo.

Jumatano, 4 Februari

Si sisi peke yetu tuliopiga hesabu hii. Kisimani pamejaa. Wamekuja wa Habaswein, wamekuja wa upande wa Garissa, ngamia, mbuzi, kila kitu. Nyasi zote hadi barabarani zimekwisha, ni udongo mtupu kama uwanja wa gwaride. Lori la nyasi likifika watu wanaparuzana.

Mursal, mwendesha pampu, Msomali ambaye kwake p ni b, alinishika mkono. "Hii bump habumziki, mwalim. Usiku, mchana. Shika hapa — moto." Nikashika. Nikaondoa mkono haraka.

Miaka yote hii, kwenye kila ramani niliyocheza, kisima ni alama ya buluu. Unaweka watu wako karibu nayo na maji yanaingia. Hakuna gemu hata moja iliyowahi kuniambia kwamba kuna pampu.

Jumamosi, 7 Februari

Pampu imeungua.

Jumapili, 8 Februari

Fundi amekuja kutoka Garissa, akafungua, akafunga. Kifaa kinatoka Nairobi. Lini? Akainua mabega.

Kisima kingine chenye maji kiko mbali mno kwa ng'ombe hawa. Wangalikuwa Merti au Sericho wangalikuwa wanakunywa leo; dereva wa lori ametuambia kwenye mto wa kule bado mtu akichimba mchanga anapata maji. Walikuwa kule! Wiki tatu zilizopita walikuwa kule, salama, na mimi nikawaita kwa chaki.

Diba amewapigia jamaa awaombe wawapokee tena ng'ombe. Shemeji wa Merti hakupokea. Kwa yule rafiki wa mzee alipokea mtoto, akasema baba hayupo. Binamu wa Sericho alipokea mwenyewe. Alimsalimia vizuri, akauliza hali ya mama, hali ya watoto, hali ya duka. Kisha akasema malisho ya kule yamejaa, Mungu awasaidie.

"Hakugombana na mimi," Diba akasema. "Afadhali angetukana. Alinisalimia kama mgeni."

Kwenye gemu za mikakati kuna yule mshauri, mzee mwenye kanzu nzuri, anasimama pembeni ya kioo. Anakwambia jenga, anakwambia pigana. Mji ukiteketea wote yeye bado amesimama pale pale, kanzu haina hata vumbi. Nilikuwa namwona kichekesho.

Jumatano, 11 Februari

Harufu inafika darasani upepo ukigeuka. Tumefunga madirisha. Joto la kuua.

Kibanda cha Diba kimefungwa; pesa zote zimeishia kununua maji ya madebe, nusu debe kwa kila ng'ombe. Mdogo wake anainua ng'ombe kwa mkia na pembe, wanasimama, wanaanguka tena. Nilienda kusaidia. Niliambiwa kwa heshima nisijisumbue, mwalimu.

Nilifungua laptopu nikaifunga. Sitaandika hapa kwamba maisha hayana kusevu. Kila mjinga anasema hivyo. Lililo baya zaidi ni hili: hata nikirudishwa Januari leo hii, chaki mkononi, Diba ameinama, ningesema yale yale. Nilikuwa na hakika. Ile hakika ndiyo nimeijenga miaka ishirini na ushei mbele ya kioo, na hakuna kingine nilichojenga.

Ijumaa, 13 Februari

Tanki la maji lilipita, likagawia watu tu. Wanyama walisikia sauti ya maji. Sitaki kuandika jinsi walivyolia.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeamka na hodi. Mama Diba. Jina lake Tari. Hajawahi kufika hapa kwangu. Ametembea kutoka kule kisimani, na mkononi ana chombo chao cha maziwa, kile cha kusukwa chenye kifuniko cha ngozi.

Nilidhani amekuja kunilaani. Nilitamani anilaani, nilikuwa tayari.

Kiswahili chake ni kidogo na alikipanga polepole. Kati ya wale waliorudi amebaki mmoja mwenye ndama, bado anatoa kidogo. Asubuhi hii amemkamua akaniletea. Diba alimweleza zamani kwamba baba alipokufa, watu wote walikuja kula matanga wakaenda, ni mwalimu tu aliyekaa chini akafikiri pamoja naye. Mtu aliyekupa shauri humwachi hivi hivi.

"Wewe alikuwa baba yake," akasema. "Kunywa."

Nikasema mama, mpe ndama. Akatikisa kichwa kana kwamba nimesema jambo la kitoto. Nikasema tena kwamba mimi ndiye niliyeharibu. Sijui kama alielewa neno hilo au alikataa kulielewa. Alitandika mkeka wake mlangoni, akakaa, akanieleza kilichomleta hasa.

Waliobaki wanaweza kutembea leo. Kesho hawataweza. Waanze safari ya mtoni, wafie njiani pengine, au wakae wangoje pampu? Mdogo wake Diba anasema waende. Wazee wanasema wakae. Diba amejifunika shuka tangu juzi, haongei.

"Diba hasemi. Sema wewe."

Nimemwambia natafuta kikombe. Nimeingia ndani. Kikombe kiko hapa mezani, kisafi, nimekipata mara moja. Nimekaa naandika. Maziwa yananukia moshi hadi huku. Namsikia anasogeza mkeka kufuata kivuli, anakohoa, anamwambia mtu barabarani kwa Kiborana kitu ambacho ndani yake nimesikia neno mwalim. Mdogo wake Diba ndiye, namwona dirishani, amekuja na fimbo, anangoja jibu alipeleke.

Ananiita —