Bolti Ndefu ya Mashine ya Mawese

Jumatatu, 3 Februari 1997

Selestini kaponea chupuchupu leo. Mdogo wangu huyu! Kaingiza Landrova ya zahanati hapa uani wakati tunakamua mawese, uso umempauka kama majivu. Nikadhani kabeba maiti. Kumbe gari tupu. Anasema kwenye mteremko, kabla ya kufika hapa Mwandiga, yeye alikata usukani kushoto, gari likaenda kulia — lenyewe! Tairi moja likasimama ukingoni mwa korongo.

"Bushi zimekufa, dada."

Bushi ndiyo nini? Akaniingiza chini ya gari, mimi na kanga yangu. Pale springi inaposhikana na chesisi pana tundu. Ndani ya tundu kipande cha bomba, ndani ya bomba raba, ndani ya raba bomba jingine dogo. Basi. Kitu kizima hakizidi kikombe cha kahawa! Na juu yake linakaa gari zima, na wagonjwa, na dereva, na mama anayejifungua njiani. Nimepanda magari tangu usichana wangu, sikujua kama nimekalia kikombe cha kahawa.

Raba imeliwa yote. Chuma kinacheza juu ya chuma.

Anésie, mgeni wangu kutoka Burundi, alisimama mlangoni, anasikiliza. Ijumaa ndiyo alikuwa aende na gari hili kambini kwa wakimbizi, kule Kasulu.

Jumanne, 4 Februari

Nilienda Katonga kununua dagaa, nikarudi na mtu. Ndivyo ninavyowaambia wanaouliza Anésie ni nani kwangu. Siku ile ziwa lilijaa mitumbwi mpaka maji hayaonekani. Watu wanashuka na magodoro, na mbuzi, mwanamume mmoja kabeba mlango. Mlango! Nyumba iko Burundi, mlango uko Kigoma. Nilisimama na kapu langu nimeshika mdomo.

Anésie alikuwa amelala chini ya vichanja vya dagaa, homa imempanda, hajitambui. Lori la kambini lilipokuja, wenzake wa mtumbwini wakampandisha mtoto wake, Tuyizere, wakidhani mama anafuata. Alipozinduka, lori halipo. Mtoto wa miaka minne.

Juzi nesi wa zahanati kaleta habari: mtoto wa jina hilo yuko kambini, anakaa na bibi mmoja.

Selestini ana bushi mpya, zimekuja na treni kutoka Dar. Shida ni kutoa za zamani. Kachoma raba kwa moto — moshi mweusi, nguo zangu zote za kambani zinanuka! Raba ikaisha, bomba dogo la ndani likadondoka lenyewe, tukashangilia. Lakini ganda la nje limeshikwa na kutu, limekuwa kitu kimoja na chesisi. Kapiga tindo na nyundo mpaka jioni. Halisogei. Mwisho tindo ikateleza ikamchana kiganja. Damu! Kakaa chini kwenye maganda ya chikichi kama mtoto aliyenyimwa ugali.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Mkono wa Selestini umevimba. Mkubwa wake kasema gari liachwe hapo hapo, atasubiriwa fundi wa Mwanza, pengine mwezi ujao.

Anésie kasema atakwenda kwa miguu. Kasulu! Nikamfokea, bado hata ndoo ya maji inamtetemesha. Akanijibu taratibu kwamba hata ziwani alifika kwa miguu, na mtoto mgongoni.

Nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Alhamisi, 6 Februari

Mzee Hamdani kaja na baiskeli kutoka Ujiji kuchukua mawese yake. Fundi chuma, visu vyangu vyote katengeneza yeye. Selestini kamwonyesha gari. Mzee wa watu kaingia chini na kanzu yake kaikunja kiunoni, kakaa humo muda. Akatoka, akajifuta. Akasimama kutazama wanawake wanavyozungusha mashine.

Ilikuwa zamu ya Regina, jirani yangu. Wanasukuma ule mti wa kuzungushia wanazunguka, skrubu inashuka polepole, mafuta mekundu yanachuruzika. Hakuna anayetumia nguvu nyingi.

Mzee akaniita. "Mama Frida, hii mashine haipigi kitu. Inasukuma tu."

"Ndiyo, Mzee."

"Lile ganda linapigwa tangu juzi. Tulisukume."

Akachora chini kwa kijiti. Bolti ndefu ipite katikati ya tundu. Upande huu kisahani cha chuma kinachokaa kwenye ukingo wa ganda tu, kisiguse chesisi. Upande ule kipande cha bomba pana kinachoegemea chesisi, ganda lipate pa kutokea. Kaza nati. Ganda halina pa kwenda ila ndani ya bomba.

Nikaielewa! Mimi, niliyeishia darasa la saba! Ni mashine yangu ya mawese, imenyweshwa dawa ya kupungua, inapita kwenye tundu.

Bomba analo, la pampu iliyokufa. Bolti ndefu yenye meno mazima hana, na mjini zilizopo ni fupi. Alikuwa anasema hivyo lakini macho yake yako kwenye mashine. Nikajua anatazama nini. Zile bolti mbili ndefu zinazoshika kichwa cha mashine. Ukitoa moja, hakuna kukamua.

Regina naye akajua, akanifokea kwa jina langu. "Melania! Chikichi zangu zimeshachemka, pipa tatu! Zitachacha! Kwa ajili ya mtu wa kupita?"

Anésie alikuwa palepale, anachambua. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua, haraka haraka.

Nilichukua spana mwenyewe. Nati ilikuwa imekaza miaka, nikaning'inia nayo mpaka ikaachia.

Regina kaondoka na mapipa yake kwenye mkokoteni. Hakuaga. Ana haki.

Ijumaa, 7 Februari

Siku nzima ya tupa. Mzee Hamdani anasugua, anapima, anasugua. Kisahani kikiwa kikubwa kidogo hakiingii tunduni. Kikiwa kidogo mno kinateleza ndani ya ganda, hakishiki. Tofauti ni unene wa ukucha! Anafumba macho, anapitisha kidole gumba, anatikisa kichwa, anasugua tena.

Jaribio la kwanza kisahani kilijikunja kama chapati.

Cha pili kakikata kwenye springi kuukuu ya lori, kakilainisha kwenye moto wa pipa langu. Kimekataa tupa mpaka mabega yanamwuma. Kesho.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui niandikeje hii.

Kila kitu kilipangwa: bolti, kisahani, bomba. Gris hatuna. Nikapaka mawese. Mzee Hamdani akakaza. Ikakaza, ikakaza, basi. Kimya. Akavalisha bomba refu kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Hakuna. Selestini ana mkono mmoja. Nikashika na mimi. Bolti ikaanza kulia, mlio mwembamba, meno yangu yakauma.

Ndipo Anésie akaja. Kajifunga kitenge, kalala chali chini ya gari, kaweka miguu kwenye tairi, kashika bomba kwa mikono miwili. Akavuta huku anasema kitu kwa Kirundi, polepole, nadhani ni jina.

KRA!

Wote tuliruka. Nilijua bolti yangu imekatika. Mzee Hamdani akaingia na tochi. Halafu nikamsikia: "Subhanallah."

Nikachungulia. Kutu inadondoka kama unga wa pilipili, na lile ganda linakuja. Linatoka! Spana ikizunguka kidogo, nalo linasogea kidogo, linaingia kwenye bomba bila kelele. Nyundo ilishindwa, moto ulishindwa, na sasa mkono wa mwanamke aliyetoka kuugua unalileta kama mtu anayechomoa kizibo. Nikafanya ishara ya msalaba. Nguvu hiyo imekaa kwenye meno ya bolti miaka yote hii uani kwangu, na mimi nafikiri nakamua mawese!

Bushi mpya ziliingia kwa kifaa hicho hicho, kimegeuzwa tu. Ganda la mwisho la zamani lilikuwa bishi, limekula meno ya bolti. Mzee Hamdani kasema haitashika tena mashine, atatafuta ya kuchonga, hajui lini. Nikasema sawa. Si sawa sana. Msimu ndio huu.

Selestini kajaribu gari barabarani. Karudi anacheka peke yake.

Jumapili, 9 Februari

Naandika ndani ya gari, kambini. Selestini kaleta dawa, nimekuja kumsindikiza Anésie. Njia nzima gari limenyooka! Kwenye korongo nilifumba macho, nikafumbua, tumeshapita.

Kambi... Nilidhani nitaona mahema. Hii ni nchi. Plastiki za buluu mpaka mlimani, na nyuma ya mlima moshi mwingine.

Nesi katuongoza. Bibi anaitwa Nizigama, kakaa kwenye mkeka nje ya kibanda, anamenya maharage. Mtoto pembeni yake. Ni yeye! Anésie kapiga kelele moja tu, "Mwana wanje!" — mwanangu! — akakimbia.

Mtoto kajificha mgongoni kwa bibi. Kashika nguo yake kwa mikono yote miwili.

Anésie kasimama. Nilifikiri atamvuta. Hakumvuta. Kavua viatu, kakaa ukingoni mwa mkeka, kachukua ganda moja la maharage, kaanza kumenya. Bibi kamtazama muda mrefu. Halafu akasogea, akampa nafasi. "Icara," kamwambia. Kaa.

Sasa wanamenya wawili. Mtoto kachungulia kwa jicho moja.

Nyumbani nilimwandalia kitanda kidogo karibu na cha mama yake. Sijamwambia Anésie.

Selestini kawasha gari, anauliza tunarudi wangapi. Anésie hageuki. Nimemwambia azime kwanza.