Usiwajibu Sijambo

Baba Zuhura,

Barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Hii haianzi hivyo. Maneno kama "mzima" ndiyo yaliyotuponza, na nimeyapiga marufuku nyumbani kwangu. Ningekupigia simu ungesikia nini? Ndiyo maana naandika, na kwenye bahasha sikuitia. Wa bodaboda aisome, watu wa Bahi waisome, wote wajue umekimbia nini.

Mwanamume aliyebeba makombora ya mzinga vita vya Kagera anakimbia dirisha la ofisi! Umekwenda kukaa kwa mdogo wako kutazama mpunga wa watu, faili la kudai fidia ya masikio yako umeniachia mimi niliyeishia darasa la tatu.

Unakumbuka uliporudi hapa kijijini Busi kutoka vitani? Nilikuita uje kula, hukugeuka. Nikadhani umerudi na kiburi. Zuhura akalia kwenye mkeka nyuma yako mpaka sauti ikamkauka, wewe unamenya karanga tu. Nikakuchapa mwiko mgongoni. Ukageuka, ukamwona mtoto, karanga zote zikamwagika. "Mama Zuhura," ukaniambia, "mzinga umekula masikio. Limebaki kidogo hili la kulia." Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwiko ule unaniuma mimi mpaka leo.

La kulia nalo likafuata. Ukawa unatazama kivuli cha ukuta ujue adhuhuri imeingia, maana adhana huisikii. Mimi nikawa mtu wa kupiga kelele. Kijiji kizima kinaniita mkali. Ukali wenyewe umetoka vitani, mbona huo hauna faili?

Halafu nilipopeleka madai yako, kale kabinti ka dirishani kakanisomea karatasi yako ya kuruhusiwa jeshini: "Afya njema, hana malalamiko. Bibi, hayo masikio ni uzee tu."

"Uzee wa miaka ishirini na mitatu?"

Kakafunua karatasi nyingine.

Nilipokubana nyumbani, kwa kelele na kwa vidole, ndipo ukasema. Daktari wa siku ile ya kuruhusiwa aliuliza habari za afya, ukajibu njema. Sasa wewe ungejibu nini? Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu hata akiwa na mkuki tumboni hujibu njema kwanza, ndipo aseme "ila." Daktari hakuisubiri ila yako. Aliandika salamu, akaita mwingine.

Hilo nilikusamehe. La juzi sijakusamehe. Tumekaa foleni tangu asubuhi, umevaa kanzu niliyoipiga pasi kwa mkono wangu. Binti akasimama, akainamisha kichwa, midomo ikacheza. Hukusikia hata herufi. Ukajibu kwa kukisia midomo tu, na meno yote nje: "Marahaba, mwanangu! Sijambo kabisa!"

"Si mnaona?" akawaambia wenzake. "Babu anasikia vizuri."

Wakacheka. Na wewe ukacheka nao, Baba Zuhura! Pale nje ukaniuliza wamesema nini, nami kwa hasira nikakueleza yote. Uso wako ulivyoshuka sitaki kuukumbuka. Kesho yake ukapanda basi. "Yaishe," ulisema.

Hayaishi. Barua imekuja: madaktari wanakuita Jumatatu, Dodoma mjini, ufike mwenyewe. Usipofika wanafunga faili, na itabaki imeandikwa kwamba mzinga haukukugusa, kwamba ulizeeka tu kama kila mtu. Wajukuu zako waisome hivyo? Nikiwa hai? Thubutu.

Jumapili uwe kwa Zuhura, Nzuguni, huko huko Dodoma. Nitakukuta huko. Usiponijia nitakufuata mpunga-mpunga, nikuaibishe mbele ya shemeji zangu.

Ukiingia kwa hao madaktari, ukaona midomo inacheza, usitabasamu. Usijibu marahaba. Usijibu njema. Najua ni aibu kumnyima mtoto wa mtu salamu yake. Aibu hiyo nipe mimi, mabega ninayo. Wewe nitazame mimi tu. Nitakapokugusa goti, anzia kwenye ile "ila" uliyokaa nayo tumboni tangu ujana wako, uiseme mpaka mwisho, nao waandike.

Wakishaandika, utamjibu marahaba hata mbuzi, sitakuzuia.

Toka huko Bahi, mume wangu. Nakungoja.

Mkeo, Mama Zuhura,
ambaye mpaka Jumatatu hasemi sijambo kwa mtu.