Mtoto Aliyenihesabia Baleti

Shoga, nimekaa sakafuni chumba cha kubadilishia nguo. Siwezi kuinua mguu nivae suruali. Usicheke kwanza.

Ni lile darasa la baleti nililokutangazia wiki nzima. Mwalimu alinionya, "Dada, watu wazima wana siku yao, wananyooshwa polepole." Mimi na mdomo wangu nikamjibu kuwa viungo vyangu havijapata habari za umri. Akanitazama. Akaniweka na watoto!

Pale wananyooshana wawili wawili. Mmoja anakaa ametanua miguu, mwenzake anamlalia mgongoni akihesabu mpaka thelathini. Ukisema neno, hesabu inaanza upya. Nikapewa mtoto wa miaka mitano, ana pengo mbele na uzito wa gunia la saruji.

Akaanza. Moja, mbili... kumi na nane, kumi na tisa. Kimya. Halafu: moja, mbili!

AKARUDI MOJA, shoga! Ishirini haijui!

Mara tatu alifika kumi na tisa, mara tatu akarudi moja. Mapaja yanawaka, naona marehemu wote wa ukoo wetu wananipungia mkono. Uzalendo ukanishinda, nikapiga kelele, "Ishirini! Sema ishirini!"

Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Mwalimu akaja. Mtoto, bado yuko juu yangu, akanishtaki:

"Mwalimu, huyu shangazi hajui kuhesabu."

Unajua mwalimu alimwambia nini?

"Basi mfundishe, mama. Anza na moja, taratibu."