Picha Njema ya Nairobi

Pajulu, Arua

Mdogo wangu mpendwa Keji,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako hapo Koboko. Homa zimepungua? Unakula? Mimi nipo, ila situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa. Mke wangu Candiru ananicheka kwamba nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningekupigia simu, lakini tezi za shingo zimenibana hata sauti haitoki. Ndiyo maana nimempa Yakani dereva barua hii, nikamwomba aifikishe mkononi mwako leo hii.

Jana binti yako Rejoice alipita hapa akitoka sokoni. Aliniambia kwa furaha kwamba umeacha dripu za dawa ya saratani za hospitalini Arua kwa kuwa zinakutapisha, na kwamba unangoja kuandikishwa kwenye ule utafiti wa Nairobi upate vidonge vya majaribio kama vyangu. Alisema unawatangazia majirani, "Kaka yangu iko napona, picha ilionesha." Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Siku zile nilikueleza juu juu. Seli za mwili hupeana habari: gawanyika, au acha. Katika saratani yetu hii ya tezi, habari ya kugawanyika haikomi. Vidonge vyangu vinajaribu kuikata njiani. Ili kujua kama imekatwa, madaktari hutudunga sukari yenye mionzi kidogo, kisha hutupiga picha. Seli ambazo bado zinapokea habari ile huila sukari kwa pupa, nazo hung'aa. Zikinyamazishwa, pale panakuwa giza. Ili sukari hiyo isielekee kwingine, mtu hatakiwi kula chochote kabla ya picha.

Kule Nairobi nililala kwa Christelle, binti wa yule Mkongomani aliyekuwa akiuza vitenge karibu nasi Arua. Asubuhi ya picha nilikuta ameshaandaa chai ya maziwa, mihogo na samaki. Nilimwambia nimekatazwa. Akasema, "Baba, mutu hawezi kutoka kwangu na njaa! Watu ya Arua watanisema nini?" Akaketi mbele yangu, akinitazama. Keji, nilikula. Nilikula nikashiba, na chai nikaongezewa.

Hospitalini muuguzi aliniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Mimi niliyefundisha biolojia mpaka nikastaafu, niliona haya kusema nimeshindwa na chai. Mwili ulioshiba hupeleka sukari kwenye misuli, na uvimbe huambulia kidogo. Walishangaa kuona misuli yangu inang'aa. Nikadanganya kwamba nilitetemeka kwa baridi, maana misuli inayotetemeka nayo hula sukari. Shingoni palikuwa giza. Daktari Mindra, msimamizi wa utafiti, alinishika mkono akasema dawa inafanya kazi. Nilijua huenda ni ule mhogo, nikanyamaza, maana nilitaka iwe kweli. Mlipokuja kunipokea kwa vigelegele, nikazidi kunyamaza.

Picha ile ni ya uongo, mdogo wangu. Uvimbe unakua, naugusa kwa vidole vyangu. Mimi sina siku nyingi. Leo asubuhi nimemwandikia Daktari Mindra ukweli wote kwa simu, aiondoe picha yangu wasije wakawapa wengine dawa kwa kuitegemea. Ameniambia ameiondoa. Ameniambia pia, kwa kutazama vipimo ulivyopeleka ili uandikishwe, kwamba ugonjwa wako bado haujasambaa, kwamba dripu ndizo zinazoweza kukuponya, na kwamba kungoja vidonge ni kuupa nafasi ya kusambaa.

Hasira yako naikubali, ila usije nayo kwangu kwanza. Kesho Yakani akirudi Arua, panda gari lake, ushuke hospitalini, urudi kwenye dripu ile unayoichukia. Candiru atakungoja langoni na ndoo ya kutapikia. Ukimaliza, njoo unitukane nikiwa bado nasikia.

Wasalimie watoto na wazee wote wa hapo. Mwambie Rejoice sikumkasirikia. Jana uso wangu ulipobadilika, aliaga haraka akidhani ni yeye aliyenikosea.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Swaka