Mama Da-ol Hayumo Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi

Nisamehe, daftari. Miezi mitano! Mwanangu Ro-un ameota meno, ameugua, ameota mengine — na mimi nimesinzia kila mahali hapa Seoul isipokuwa kitandani.

Kazini kuna kesi ya Ok Mi-ran, wa kiwanda cha tambi. Mashine ilimkata vidole viwili. Anasema aliwaonya wakubwa mapema kwamba kifuniko cha visu kimelegea. Wao wanasema hawakuambiwa kitu. Wakili wetu Pyo anataka ushahidi kabla ya Ijumaa, la sivyo madai yanatupwa. Mimi ndiye ninayeifundisha programu ya kutafuta kwenye ujumbe laki mbili wa kiwanda. Na asubuhi nilijisifu kwamba ni kazi ya siku moja.

Jumanne, 5 Machi

"Ok Mi-ran." Hakuna. Nikaiongezea programu mifano, kama ninavyomlisha Ro-un uji, kijiko kwa kijiko. Hakuna. Inajua hadi matusi ya mji wa Busan, ila mama wa watu haimjui. Wakili Pyo akauliza, kwa upole, kama labda mteja anatudanganya. Nikajifanya nanoa penseli.

Jumatano, 6 Machi

Nimechelewa tena kumchukua Ro-un. Mwalimu wake mlangoni: "Mama Ro-un, leo pia? Na suruali za akiba zimeisha."

Nikainama, nikaomba radhi — halafu nikaganda, kiatu kimoja mguuni. Miaka miwili hakuna aliyeniita jina langu. Hata mume wangu! Sasa nani kiwandani angemwita Mi-ran? Mtaalamu mzima mimi.

Nikampigia Mi-ran palepale. Mwanao anaitwa nani? Da-ol, akasema, akishangaa.

Nikarudi ofisini, mtoto mgongoni. "Mama Da-ol": ujumbe thelathini na mmoja. Tarehe 9 Januari, wiki tatu kabla ya ajali, msimamizi kwa meneja: "Mama Da-ol kasema tena kifuniko kimelegea. Kapiga na picha, nakutumia."

Meneja: "Mwache aseme. Tambi zitoke."

Picha yenyewe haimo. Wakili Pyo kasimama nyuma yangu, kambeba Ro-un, haulizi tena kuhusu uongo. Naandikia kiwanda. Nanakili hapa, nisije nikasinzia. Watutumie:

picha ya 9 Januari, kutoka simu ya msimamizi yenyewe;

majibu yote ya meneja hadi siku ya ajali;

daftari la matengenezo, Januari nzima, bila kurasa kuchanwa;

na majina ya watoto wa kina mama wote wa zamu ya Mi-ran.