Kidole Getini, Mahindi Navakholo

Jumatatu, 4 Agosti
Kidole kwenye mashine ya mahudhurio, getini mwa chuo, asubuhi. Kidole tena jioni. Katikati nimefundisha mpaka sauti ikakauka. Mahindi yangu ya majaribio kule Navakholo nayo yamekauka. Lazima nivune wiki hii, kila kipande cha shamba na gunia lake, nipime ni mbegu ipi inayostahimili gugu la kiduha. Bila makala ya matokeo hayo, cheo nisahau.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeomba ruhusa kwa afisa wa rasilimali watu. Eti, “Daktari, ukiwa shambani, sisi tutajuaje uko kazini?” Nikamwambia mahindi hayaoti getini. Hakucheka. Asiyeweka kidole ni mtoro, na mtoro haitwi kwenye usaili wa kupandishwa vyeo.
Upuuzi mtupu. Nitaenda Jumamosi. Nimempigia Mama Nekesa, mwenye shamba, anilindie.

Ijumaa, 8 Agosti
Tangazo jioni. Kesho semina ya lazima, kutwa nzima: jinsi ya kuongeza utafiti. Kidole pia.
Nimecheka peke yangu ofisini kama mwendawazimu.

Jumamosi, 9 Agosti
Semina. Chai, mandazi, hotuba. Nje mvua kubwa. Sikusikia neno.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Nekesa amenipigia akitoka kanisani, furaha tele. Jana aliona mawingu akawaita akina mama wenzake. Wamevuna yote, wakapukuchua, wakachanganya pamoja. Mabovu wameyatupia ng'ombe ili nipate mazuri matupu. “Unasumbukanga sana, mwalimu. Tukasema tukusaidie.”
Misimu mitatu ya kazi, lundo moja.
Nikasema asante, Mama. Ningesema nini? Walinyeshewa kwa ajili yangu. Kosa ni langu, sikumweleza kwa nini yasichanganywe. Baadaye nimelia hadi kichwa kikauma.

Alhamisi, 14 Agosti
Usaili. Wamesifu mahudhurio yangu. Sijakosa hata siku moja, ni mfano kwa wenzangu. Kisha mwenyekiti akauliza utafiti uko wapi. Nikaeleza. Afisa yule yule akaandika kitu, hakuinua macho.
Cheo sikupata. Nawachukia.

Jumapili, 17 Agosti
Boda boda ameleta gunia la mahindi yale hapa nyumbani Shieywe, zawadi ya Mama Nekesa. Nimesagisha kidogo. Nimepika obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za kienyeji.
Unga mzuri, mweupe. Nimekula nikashiba. Sijui ni wa mbegu ipi.